Mivule Yenye Wenyewe

Fundi seremala hakuwa mtu mbaya, ila kila alipouona mti aliona kitanda. Na juu ya shamba la maharage la mkewe kulikuwa na msitu mdogo wa mivule, urithi ambao fundi aliachiwa na baba yake. Machoni pa fundi hilo lilikuwa duka la samani, basi tu halijafunguliwa.

Mkewe aliona kingine. Ukame ulikuwa umeingia msimu wa pili, mashamba ya majirani yamebaki vumbi tupu, lakini lake, lililolala chini ya msitu, lilikuwa bado kijani. Majani yaliyooza kule juu yalishika maji na kuyaachia kidogo kidogo, kama bahili anayetoa pesa ya matumizi. Msitu ukienda, maharage yangeufuata, na nyumba nzima ingelala njaa. Haya yote alishamweleza mumewe. Yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Basi akabadili mbinu. Asubuhi moja fundi alipoliweka shoka begani, mkewe akamwambia kwa upole, "Ule mnene usiuguse, baba watoto. Nimekuwekea wewe."

"Wa nini?"

"Jeneza."

Shoka likashuka. Alipouendea wa pili, akaambiwa ni wa kaka yake. Wa tatu, wa shangazi, na shangazi mwenyewe mzima, juzi tu kacheza harusini. Nani angethubutu? Fundi akawa anapita msituni kwa adabu, kama mtu aliyeingia ukumbini amechelewa. Mkewe alijifungia jikoni akacheka hadi mbavu zikamuuma.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Mvule mkubwa kuliko yote, ulioikalia chemchemi, alisema ni wa mama mkwe. Fundi akaenda kumuuliza mama yake, akarudi naye, uso unameremeta.

"Mama hataki jeneza. Anasema azikwe kwa sanda tu."

Mke akawafuata kilimani machozi yakimlengalenga, akijilaumu kwa ujanja wake. Mama mkwe alitangulia na kikapu cha maharage mabichi, aliyojichumia njiani bila kumwomba mtu.

Fundi akatema mate viganjani, akainua shoka. Mama yake akaenda akaketi juu ya mizizi, mgongo kwenye shina.

"Mama, si umesema jeneza hulitaki?"

"Silitaki," akasema, akianza kumenya maharage. "Kula nimesema sitaki?"