Jina Lililobaki Kinywani

Meza ilikuwa imepanguswa mara mbili, lakini kiwiko cha Nashilu kiliendelea kunata kwenye mbao. Siku nyingine zote wanaume wa Kaloleni walinywea bia hapo. Alasiri ya Jumamosi hii glasi zilisogezwa pembeni, viti vikageuzwa kuelekea mbele, na karani wa ukumbi, mtu wa Tanga aliyehamishiwa Arusha mwaka ule, akasimama na kadi za maswali mkononi. Harufu ya bia haikuondoka. Nashilu alifumba macho akaomba asamehewe kwa kuingia mahali kama pale, kisha akaomba ashinde. Aliona haya kuziweka sala hizo mbili pamoja, lakini hakuwa na muda wa kuzitenganisha.

Serikali ilikuwa imetangaza kwamba mshindi wa maswali ya maarifa atapelekwa chuoni mwaka mzima, akasomee kufundisha madarasa ya watu wazima. Kwa wengine hiyo ilikuwa sifa tu. Kwa Nashilu ulikuwa mlango, na hakuuona mwingine. Tangu mumewe afariki, wazee wa ukoo walikwisha kuamua aingie kwa shemeji yake Sakaya, ambaye alikuwa na mke tayari na hakuwahi kubatizwa. Neno la mwisho lilikuwa la baba mkwe wake, Mzee Lutha, ambaye alikuwa mzee wa kanisa. Hakulipenda jambo lile, wala hakulipinga.

"Ukishinda, nenda kasome," alimwambia. "Mtu akiitwa na Serikali, wazee wenzangu hawatanilaumu. Usiposhinda, mwanangu, sina la kuwaambia."

Sasa alikuwa amekaa safu ya mbele, blanketi begani, fimbo katikati ya magoti, na hao wazee wenzake nyuma yake.

Nashilu alianza kusoma akiwa amekwisha kupita miaka thelathini, jioni baada ya kukamua, katika darasa la Mwalimu Manase, Mmeru wa upande wa mashamba ya kahawa ambaye hakumcheka hata siku moja. Kwamba moyo una vyumba vinne, kwamba mwezi hauna nuru yake wenyewe: kila jambo alilipokea kama salamu zilizotumwa kwake zamani zikachelewa njiani, na kila jambo alilishukuru kwa sala kabla ya kulala.

Washindani waliondoka mezani mmoja mmoja. Wakabaki wawili, Nashilu na Anaeli, kijana wa chama cha kahawa aliyevaa tai.

"Mama," mnywaji mmoja aliita kutoka nyuma, "jua linashuka. Ng'ombe watakamuliwa na nani?"

"Na mkeo," Nashilu alijibu bila kugeuka. "Wewe hatukutegemei."

Ukumbi ukacheka. Hata midomo ya Mzee Lutha ilitikisika.

"Swali la mwisho," karani alisema. "Atakayetangulia kunyanyua mkono ndiye atakayejibu. Ni nani aliyetafsiri Biblia kwa Kijerumani, akawa..."

Mkono wa Nashilu ulikuwa juu kabla karani hajamaliza. Alisimama na furaha ya mtu aliyeulizwa njia ya kwenda kwao. Ndipo kinywa kikagoma.

Kwa Waarusha, mke hatamki jina la baba wa mumewe. Wamisionari wa Kijerumani walipombatiza mzee yule walimpa jina la mwalimu mkuu wa kanisa lao, na tangu aolewe Nashilu hakuwahi kulitoa mdomoni. Kanisani alisema "yule mwalimu", kama walivyosema wanawake wote wa boma lile, na hakuna aliyeona ajabu. Darasani aliliandika, kwa kuwa mkono haukukatazwa. Alikuwa amejiandaa kwa mito, kwa wafalme, kwa vita vya Wazungu. Hakuwahi kufikiri kwamba kitu anachokijua kuliko vyote ndicho kitakachomsimamisha.

"Bibi?" karani aliita.

"Ni yule mwalimu."

"Mwalimu gani?"

"Wa Wittenberg. Aliyepingana na Papa."

"Sawa. Jina lake?"

"Naomba niliandike."

Karani alishusha kadi zake. Hakuwa mtu mbaya. "Bibi, wenzako wote wamejibu kwa mdomo. Nikikupa wewe kalamu, wao nitawaambia nini?"

"Kanisani huwa analala huyo," mtu alisema nyuma, na kicheko kikazunguka ukumbini, isipokuwa katika safu ya wazee.

Nashilu alimtazama baba mkwe wake. Angeinua kidole tu. Angesema tu, "Sema." Mzee alikuwa amesikia swali, Kiswahili alikijua vyema. Alikaza mikono juu ya fimbo akatazama sakafu, na nyuma yake wazee wakamtazama kisogo.

"Muda umekwisha. Bwana Anaeli?"

"Martini Lutha," alisema Anaeli kwa wepesi, kama mtu anayeomba chumvi.

Watu walipokuwa wakipiga makofi, Manase alimfikia Nashilu mlangoni. "Ulikuwa unalijua."

"Nilikuwa nalijua, mwalimu."

"Sasa ilikuwaje?"

Nashilu aligeuza macho kwa mzee aliyekuwa akishuka ngazi taratibu. Manase alitazama huko, akavua kofia kama mtu aliyefika msibani.

Walipanda kuelekea nyumbani, mzee mbele, yeye nyuma. Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu mpaka mabegani. Kwenye migomba ya kwanza mzee alisimama kupumzika.

"Nilisikia swali," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Wazee nao walisikia. Wanasema Sakaya anapata mke mwenye heshima."

Nashilu alivuta kanga yake begani.

"Ningeweza kukuambia useme."

"Ndiyo, baba."

Mzee alingoja, labda akitaka alaumiwe. Lawama haikuja. Aliweka kiganja juu ya kichwa cha Nashilu, kama wazee wanavyowasalimu watoto, akaendelea kupanda. Nyuma yake Nashilu alijaribu kuomba. Maneno yalikuja kwa mpangilio wake wa siku zote, shukrani kwanza, kisha toba. Alipofika mahali pa kuomba hakukuwa na kitu. Alisema amina.

Bomani, Namelok, mke wa Sakaya, alikuwa akifunga ndama. Alimtazama Nashilu usoni, asiulize kama ameshinda.

"Walikukwamisha wapi, dada?"

"Kwa mtu aliyewatafsiria Wajerumani Biblia."

"Nani huyo?"

Nashilu alielekeza macho kwenye nyumba ya mzee. Namelok aliyafuata macho yake, na hakuhitaji kuelezwa. Akakaza kamba ya ndama.

"Na kazi hiyo aliifanyia wapi?"

"Ndani ya ngome. Alikuwa amefichwa, adui zake wanamtafuta."

"Akatoka?"

"Alitoka."

Namelok alilifikiria jambo hilo kidogo.

"Alikuwa mwanamume," alisema, akamkabidhi Nashilu kibuyu cha kukamulia, kwa sababu ng'ombe wa pili alikuwa bado.