Malimbuko ya Hedwiga

Ijumaa ile Kaanaeli aliingia dukani kwangu Daraja Mbili, akanipa shikamoo yake, halafu akaomba nimwashie kimoja cha visanduku ninavyouza, vya kuunganisha runinga na intaneti. Nilimwashia kwa furaha, nikidhani nimepata mteja. Jina langu likajaa kwenye kioo: HEDWIGA.

"Mama, programu iliyomo humu tumeiandika mimi na wenzangu," alisema. "Tunaitoa bure kwa dunia nzima. Sharti letu ni dogo: majina yetu yabaki, na mnunuzi apewe maandishi yote ya programu yenyewe, akitaka kuirekebisha airekebishe."

"Mimi muuzaji tu, mwanangu. Kawabane wenye kiwanda huko China."

"Sheria inambana na anayeuza, mama. Ila sijaja kukushitaki. Rudisha majina tu."

Nikamwambia vimekuja hivyo hivyo kutoka kiwandani. Uongo mtupu! Mimi ndiye niliyewaandikia waufute ule ukurasa wa majina, waweke langu. Wateja wangu wa nini na orodha ya watu wasiowajua? Kijana akaaga kwa adabu, nami nikabaki nabishana na kaunta kana kwamba ndiyo iliyonisema.

Jumapili nilialikwa sikukuu ya mavuno kwenye usharika mmoja wa Wameru, juu ya Usa River. Kila mtu hupeleka malimbuko, kitu cha kwanza na kizuri kilichotoka mikononi mwake, na baada ya ibada yananadiwa nje. Wenzangu walibeba ndizi, kahawa, jogoo. Mimi na kiherehere changu nikabeba kisanduku.

Kumbe fundi wa vipaza sauti na runinga wa usharika ule ni Kaanaeli. Mzee wa kanisa, Sumari, ambaye ndiye aliyekuwa ananadi, alimpa kisanduku akiwashe, naye akakiwasha. HEDWIGA, mbele ya usharika mzima.

"Kazi ya mikono ya dada yetu!" Sumari alipaza sauti, akanikabidhi kipaza sauti. "Hebu tuambie, dada, ulianzaje?"

Kaanaeli alinitazama kwa utulivu, anasubiri. Ningeweza kumwita mbele pale pale. Sentensi moja ingetosha. Nikasema, "Tumshukuru Mungu, jamani, tumehangaika sana." Wakapiga vigelegele.

Watu walishindana kukitaka, na aliyekipata ni mama mmoja aliyekuja asubuhi na mkungu wa ndizi kichwani. Alinijia moja kwa moja, akanishika mikono yote miwili.

"Nimekinunua kwa ajili ya huyu mwanangu," alisema, akimwonyesha Kaanaeli kwa kidevu. "Miaka sita anabofya kompyuta, na sisi hatujawahi kuona alichotengeneza. Baba yake amekata tamaa kabisa. Nataka aone wenzake wanavyofanya. Mfundishe, dada yangu, nakuomba."

Kaanaeli alikuwa anakunja waya, wala hakuinua uso. Nilijua vizuri kabisa ninachopaswa kusema, na yule mama alikuwa bado amenishika mikono, anangoja jibu.

"Mwambie aje dukani," nikasema. "Nitamfundisha."