Jioni ya Lini

Fundi cherehani alivua mkanda, saa, na ile tepu ya kupimia nguo aliyoisahau shingoni, akaviweka vyote kwenye trei ya plastiki. Muuguzi alimfunga mpira mkononi, akatafuta mshipa. Mtu aliyekula kwa sindano maisha yake yote aligeuza uso ukutani. Aliogopa, na wala hakujisumbua kuficha. Alikwisha ambiwa kwamba tezi dume ina saratani; kilichobaki ni kujua kama imetulia pale pale au imeshatambaa hadi mifupani.

"Dawa hii ina mionzi kidogo," muuguzi alisema. "Itaingia kwenye mifupa, halafu kamera itaona penye tatizo. Kunywa maji mengi. Na leo usikae karibu na watoto wala wajawazito, mpaka jioni."

Alikunywa maji, akaenda msalani, akanywa tena, hata akajiona mtungi. Kisha alilala chali kwenye kitanda chembamba, kamera ikampitia polepole kutoka utosini hadi nyayoni. Aliambiwa asitikisike. Moyo peke yake ndio uliokataa amri. Majibu, walisema, wiki ijayo.

Nyumbani binti yake alikuwa mjamzito. Mkewe aliposikia maagizo ya muuguzi alisogeza kiti cha binti hadi ukutani, kisha akasogeza na cha kwake.

"Kwani na wewe una mimba?" fundi alimtania.

"Kinga ni bora kuliko tiba, baba watoto."

Jioni ikafika, giza likaingia. Fundi aliinuka aende kukaa ubavuni mwa mkewe, kama ilivyokuwa desturi yao. Alipita meza, akapita kabati la vyombo, akatembea tena, na kiti cha mkewe kikawa bado kiko mbele. Sebule ilikuwa imerefuka.

"Muuguzi alisema mpaka jioni," fundi alisema.

"Hakusema jioni ya lini."

Kesho yake sebule ilikuwa imerefuka zaidi. Vigae vilivyoongezeka vilikuwa vya rangi ile ile, vimepangwa vizuri. Zulia, ambalo halikupewa taarifa, lilibaki dogo katikati. Fundi alipiga magoti akapima kuanzia mguu wa kiti chake, na tepu ikaisha kabla hajafika hata mezani. Ndiyo tepu aliyompimia mkewe gauni la harusi, siku alipojifanya amekosea hesabu ili apime kiuno upya.

Mwashi aliitwa kwa sababu dari ilianza kubonyea. Aliitazama, akajikuna kichwa, akasema nyumba ikirefuka lazima iwekwe nguzo. Akaijenga, akaomba maji ya kunawa. Jirani aliyekuja kumjulia hali mgonjwa alikaa upande wa mke, akapunga mkono, akasifu kwamba siku hizi nyumba ina hewa. Binti alimpigia babake simu kutoka upande ule kumuuliza kama amekula.

Alikuwa amekula. Mkewe hakuwa na roho mbaya. Alimpikia vitu laini, alimfulia mashuka, ingawa aliyashika kwa ncha za vidole. Sahani aliiacha kwenye stuli kando ya nguzo, akarudi zake. Kitanda nacho kilipanuka, na fundi akawa anauona mto wa mkewe kwa taabu. Mwanzoni alikuwa akiogopa mifupa yake. Sasa aliogopa kwamba majibu yatakuwa mabaya, kwamba atafia upande huu, na kwamba hata wakikimbia watachelewa kufika. Hofu hiyo ilimkausha mate kuliko ile ya kwanza.

Siku ya majibu daktari alimwonyesha picha ya mifupa yake. Kwenye goti la kulia palikuwa na doa jeusi. Fundi alilishika goti lake.

"Hilo goti limechoka tu," daktari alisema. "Unatumia cherehani ya miguu, siyo? Kwingine kote pako safi. Haijaenea."

Fundi alilia mbele ya daktari bila haya. Akarudi nyumbani mbio mbio, na goti lake hilo hilo lililochoka, akafungua mlango. Mkewe alikuwa kule mwisho, mdogo kama kifungo.

"Haijaenea!" fundi alipaza sauti. "Na ile mionzi ilikwisha zamani, daktari kasema!"

Maneno yalikwenda, yakapita nguzo, yakafika. Alimwona mkewe akishika kifua kwa mikono miwili.

"Mungu mkubwa!" sauti yake ilirudi. "Nimefurahi, baba watoto! Ngoja nikuwekee chai."

Fundi alisubiri, akiangalia vigae. Havikupungua hata kimoja. Mkewe alikuja na kikombe hadi kwenye nguzo, akakiweka juu ya stuli, akakifunika kwa kisahani, akageuka.

Fundi alivua viatu vya kutokea, akavaa raba, akaanza kutembea. Alipofika chai ilikuwa imepoa. Aliinywa akiwa amesimama, akaimaliza, kisha akamshukuru mkewe kwa sauti kubwa, ili asikie.