Mdogo Wangu na Bahasha za Kahawia

Nilijua mambo ya mdogo wangu Emlyn yameharibika siku nilipowasha oveni yake nipashe pai moto, jikoni kukajaa moshi. Nilifungua mlango wa oveni nikakuta bahasha. Bahasha za kahawia za serikali, zile zenye kidirisha cha plastiki, zimepangwa kwenye rafu mbili kama mikate, na za juu zimeshaanza kushika moto. Nikazimwagia maji.

Emlyn alikuwa kwenye kiti chake sebuleni anatazama raga. Hata hakugeuka.

"Kuna nini kwenye oveni?" nikamuuliza.

"Karatasi."

"Karatasi za nini?"

"Ningejua za nini, Nesta, si ningekuwa nimezifungua?"

Huyo ndiye Emlyn Prosser, mtu aliyeendesha basi la abiria katika bonde letu hadi akajiona ndiye mwenye barabara. Kwenye klabu ya wafanyakazi hakuna aliyepaza sauti kumshinda alipokuwa anawasema watu wanaoishi kwa posho za serikali. "Wavivu wale," alikuwa akisema, povu la bia kwenye masharubu. "Mpe kazi Jumatatu, Jumanne ana mgongo." Jirani yake mmoja alikuwa anatembea kwa magongo, na Emlyn aliapa kwamba aliwahi kumwona akikimbilia basi. Basi lenyewe lilikuwa la Emlyn, na hakumsubiri.

Kisha mkewe Olwen akafariki. Kabla majira hayajabadilika, Emlyn naye akapata kiharusi. Madaktari walikiita kidogo, lakini kilimwachia mkono wa kushoto usioshika kitu na kichwa kinachochoka kabla ya saa nne asubuhi. Katika ndoa yao yote Olwen ndiye aliyefungua barua. Emlyn hakujua maji yanalipwa kwa nani, wala benki yake iko mtaa gani. Alidhani nyumba inajiendesha yenyewe, kama mto unavyoteremka. Barua zikaanza kuanguka mlangoni, naye akazipeleka mahali ambapo hakuna mtu aliyepika tangu mazishi.

Nilimpeleka kwa daktari. Daktari akasema amezidiwa, akamwandikia kozi ya utulivu wa moyo inayofanyika maktabani. Walikaa kwa duara, wakafundishwa kupumua, jambo ambalo Emlyn alikuwa analifanya tangu azaliwe. Kisha wakapewa penseli za rangi na picha ya kipepeo. Mtu anatishiwa kukatiwa umeme, anapewa kipepeo apake rangi. Alirudi nayo nyumbani, bawa moja la bluu, la pili jeupe.

"Mbona hili hukumaliza?"

"Muda uliisha," akasema, na alisikitika kweli.

Ndipo mtu fulani kanisani akanitajia Siwan. Alikuwa msaidizi katika shirika dogo lenye ofisi juu ya duka la samaki wa kukaanga, na kazi yake ilikuwa kukaa na watu walioshindwa na makaratasi. Alikuja akiwa amechelewa, nywele za zambarau, anatafuna ubani, na koti lake likinuka mafuta ya lile duka. Mimi nilimtazama nikasema moyoni, tumekwisha.

"Haya, babu," akamwambia Emlyn, "leo tunafungua tatu tu."

"Mimi si babu yako. Nina miaka sitini na moja."

"Sawa, Bwana Prosser. Tatu tu."

Ya kwanza ilikuwa ya umeme. Ya pili ilikuwa ya serikali, ya kumpa pole kwa kufiwa na kudai irudishwe pensheni ya mkewe iliyolipwa baada ya kifo. Ya tatu ilikuwa na jina la Olwen; Emlyn aliishika, akaigeuza, akainuka akaenda kusimama uani kwenye mvua. Nilitaka kumfuata. Siwan akanizuia kwa mkono, kisha akavuta sahani ya biskuti zangu akala. Emlyn alisimama mpaka shati likamgandia mgongoni. Aliporudi, Siwan alikuwa bado anakula.

"Tuko kwenye ya tatu," akasema.

Walikwenda hivyo majira yote ya baridi. Nyingine walizifungua, nyingine zilikuwa zimeungua, ikabidi Siwan apige simu kuomba nakala. Aliiweka simu mezani, sauti juu, muziki wa kusubirisha ukalia mpaka chai ikapoa, na kila baada ya kitambo mwanamke akasema kwa sauti tamu kwamba simu yetu ni muhimu sana kwao.

"Kama ni muhimu si mpokee?" nikaiambia ile simu.

Emlyn akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu Olwen afe, na nilikasirika kidogo kwamba kimetoka mbele ya mgeni.

Siwan ndiye aliyesema kuna posho ya ulemavu ambayo Emlyn angeweza kuomba. Ungedhani amemwambia akaibe kanisani.

"Hiyo ni ya wale watu," Emlyn akasema.

"Watu gani?"

"Wale."

"Mkono wako unafanya kazi?"

Emlyn akauvuta ule mkono kwa mwenzake, akauficha chini ya meza.

"Kichwa je, saa hizi? Nikikuachia hii fomu ujaze mwenyewe, utaijaza au utaioka?"

"Una mdomo mchafu, binti."

"Ninao. Basi nawe ni wale. Saini hapa."

Akasaini. Kisha ikaja barua kwamba mkaguzi atakuja nyumbani kumwona. Siwan alimkalisha, akamwambia asijikaze. Aeleze siku mbaya zilivyo, siyo ile moja nzuri. Aseme nani anamfungia vifungo. "Mimi nitakuwepo," akasema. Siku yenyewe ikafika, na gari lake likagoma kuwaka upande wa pili wa mlima.

Emlyn alikuwa amenyoa. Nilimfunga tai mimi, kwa kuwa yeye hawezi. Alikuwa ameniomba nioke vile vikeki vya zabibu kavu vya kuokwa kwenye bamba la chuma, nikaoka, nikidhani ana njaa. Mkaguzi alikuwa kijana safi mwenye kompyuta ya mapajani, na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga matope. Alikaa, akala kikeki.

"Vitamu. Umeoka mwenyewe?"

"Ee," Emlyn akasema. "Napenda kupika."

Nilikohoa.

"Na kutembea, unatembea?"

"Kila asubuhi. Mpaka kilele cha mlima."

Mlima ule alikuwa anautazama kupitia dirisha la choo tu.

"Barua na hesabu za nyumba, unazimudu?"

"Hazinisumbui hata kidogo."

"Emlyn, acha upuuzi," nikasema.

"Mama, tafadhali," akasema mkaguzi. "Mwache ajibu mwenyewe."

Mwenyewe akajibu. Alijibu kama mtu anayeomba kazi. Na yule msomi hakumwambia hata mara moja anyanyue kikombe kwa mkono wa kushoto. Hakujiuliza kwa nini mkono ule umelala mapajani kama glavu. Alipiga vitufe vyake, akala vikeki vinne, akatuaga kwa adabu. Wanalipwa mshahara kwa ajili hiyo.

Majibu yalikuja: alama sifuri kila kipengele, na posho hapati. Waliandika kwamba Bwana Prosser ni mpishi hodari na mpanda mlima.

Siwan aliisoma akiwa amesimama. Safari hii hakutafuna kitu.

"Ulimdanganya kwa sababu gani?"

"Sikumdanganya. Ndivyo nilivyokuwa."

"Lini?"

Emlyn alitazama dirishani. "Olwen alipokuwepo."

Nilimwambia ajipongeze, kwa kuwa maisha yake yote aliwatafuta watu wanaoidanganya serikali na sasa amempata mmoja, tena mjinga, anayedanganya ili asilipwe. Siwan alisema hiyo haisaidii. Nilimjibu kwamba sikusema ili isaidie. Emlyn akasema tuiache, ameshindwa, na yule kijana alikuwa na adabu. Siwan alikata rufaa kwa niaba yake jioni ileile, naye Emlyn akatia saini huku amefumba macho kama mtoto anayechomwa sindano.

Baraza la rufaa lilikaa mjini, kwenye chumba chenye zulia la kijivu. Walikuwa watatu: hakimu, daktari, na mama mmoja mwenye fimbo ya kutembelea. Emlyn alikaa katikati, Siwan kulia, mimi kushoto. Hakimu alianza taratibu. Daktari, mzee mwenye miwani, ndiye aliyeuliza.

"Bwana Prosser, mara ya mwisho uliweza kuoga mwili mzima ilikuwa lini?"

Emlyn alifungua mdomo. Nilijua anataka kusema jana. Niliiona ile jana ikipanda kooni. Kisha akanitazama, siyo Siwan, mimi, na uso wake ukawa mwekundu mpaka shingoni.

"Nesta atoke," akasema.

"Mimi?" nikasema. "Mimi nilikuogesha kwenye beseni."

"Ndiyo maana. Toka, dada. Nakuomba."

Alikuwa hajaniita dada tangu tulipomzika mama. Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Nilikaa kwenye korido karibu na mashine ya vinywaji iliyonilia sarafu isinipe kitu, nikawaza kwamba yule mwenye nywele za zambarau yuko ndani anasikia mambo ya damu yangu, na mimi niko nje na mashine. Mlango ulikuwa mzito. Nilijaribu kusikiliza, sitasema sikujaribu. Nilichosikia ni sauti ya Emlyn ikienda kwa muda mrefu bila kukatizwa, chini chini, na safari moja ikakatika, ikaanza tena.

Walipotoka, kola ya shati lake ilikuwa imelowa. Siwan alikuwa na macho mekundu, akasingizia hewa ya mle ndani.

"Umesema nini?" nikamuuliza Emlyn.

"Nimesema."

Mpaka leo sijui zaidi ya hapo. Siwan nilimbana, akaniambia nimuulize mwenye maneno yake. Posho ilikuja, tena na malimbikizo, na siku hizi mwanamume mmoja mnene aitwaye Gwyn anakuja asubuhi mara tatu kwa wiki kumsaidia bafuni. Wanabishana kuhusu raga kupitia pazia. Klabuni wanaendelea kuwasema wavivu, na Emlyn bado anakwenda, ila wakifika hapo anainuka kwenda msalani na anakawia huko. Sijamsikia akimtetea mtu. Ushujaa wa namna hiyo msiutarajie kwake. Yule jirani wa magongo amempakia mara moja tu kwenye teksi yake ya kwenda klabuni, na alinung'unika njia nzima kwamba magongo yanachafua viti.

Siwan hayupo tena. Shirika lake lilikuwa na fungu la fedha la mwaka mmoja, fungu likaisha, na bonde zima likarudi kwenye mikono ya yule mwanamke mwenye sauti tamu kwenye simu. Wakubwa walisema huduma imeboreshwa. Siku ya mwisho alimwachia Emlyn kisu kidogo cha kufungulia bahasha, kinachotumika kwa mkono mmoja.

Wiki iliyopita Emlyn alinipigia simu.

"Kuna barua," akasema.

"Ifungue."

"Njoo."

Nikavaa koti nikapanda kilima kwenye mvua, goti linaniuma, nikimtukana kila hatua. Nilimkuta mezani, miwani puani, barua imeshafunguliwa na kunyooshwa vizuri.

"Inasema nini?"

"Mazulia," akasema. "Wanapunguza bei mpaka Jumamosi."

"Umeniita hapa kwa ajili ya mazulia?"

"Sikujua ni mazulia. Nilijua nilipoifungua." Akanisogezea kiti kwa mguu. "Keti basi. Chai ipo, sijaimimina kwa sababu birika ni zito."

Nikaimimina.