Kikohozi cha Pikipiki

Miezi saba mimi na wenzangu, wapenzi wa pikipiki kuukuu za Kijapani, tulihangaika na ile ya marehemu baba. Leo nikaipiga kiki moja tu, injini ikaunguruma laini kama mpya.

Mama akachungulia dirishani. "Hiyo ya nani?"

"Si ndiyo ya baba, mama!"

"Ya baba yako ilikuwa inakohoa. Nikiisikia pale kwenye kona, naenda kumfungulia geti."

Nikachukua bisibisi. Fundi wetu akaja juu. "Kabureta nimeihangaikia siku nne, leo uiharibu?"

"Nyamaza, baba si wako!"

Nikalegeza skrubu kidogo, nikaenda nayo mpaka mbali, nikageuza. Kwenye kona ikakohoa.

Nilipofika nyumbani, geti lilikuwa wazi.