Kiganja cha Mama

Nina ndevu, nina mke, nina watoto, na bado mama ananiziba macho tukitazama filamu!

Alianza nikiwa mdogo. Ile filamu ya fundi saa na mkewe ndiyo iliyonikaa kichwani kuliko zote, na mwisho wake sijawahi kuuona. Kila ilipoonyeshwa, tukikaribia mwisho, kiganja chake kinachonuka vitunguu kilinibana usoni. "Mambo ya wakubwa," alisema. Nikawaza busu, nikawaza uchi, nikawaza mauaji, mpaka kichwa kikanichemka.

Jana niliipata, nikaenda nayo kwake, tukakaa kwenye kochi lilelile. Fundi saa alipoingia chumbani, paf! Kiganja.

"Mama, jamani! Mimi ni mtu mzima!"

"Tulia. Mambo ya wakubwa."

Nikachoka. Nikaubandua ule mkono. Kwenye skrini fundi saa alikuwa anapanga nguo zake kwenye sanduku, polepole, asije akamwamsha mkewe. Basi! Hakuna busu, hakuna damu. Miaka yote hiyo nimezibwa macho kwa ajili ya sanduku?

Nikamgeukia nimgombeze. Mama alikuwa analia kimyakimya, macho kwenye lile sanduku, kama, nadhani, alivyolia kila mara tulipoitazama, tangu baba alipoondoka usiku sisi tumelala.

Nikaushika mkono wake, nikaurudisha machoni pangu.

"Na hayo mambo ya wakubwa yanaisha lini?" nikauliza kwa ukali wa kujifanya.

"Bado," akasema.