Tao la Geti la Hashimu

Mimi Optatus nimechomelea mageti hapa Kizota miaka ishirini na nane, na sipendi kufundishwa kazi. Ndiyo maana nilikasirika Flaviana aliponizuia nikiwa na grenda mkononi.

"Samahani fundi, usikate kwanza."

Binti huyu alimaliza kidato cha sita mwaka jana, akaja kwangu kujifunza ufundi huku akingoja chuo. Siku hiyo tulikuwa na bomba moja tu la mita sita, alilolileta Hashimu kutoka Kondoa kwa ajili ya geti la msikiti wao. Litoke tao la juu, upana mita nne na mwinuko mita moja, na kinachobaki kiwe nguzo ya mita moja na sentimita thelathini. Hashimu alishasema hataki kiraka. Akikuta bomba limeungwa, mageti yao mengine mawili anayapeleka kwa fundi mwingine.

Sasa mimi tao napima kwa jicho, halafu naongeza shubiri, maana heri lizidi kuliko lipungue. Nilishaweka alama kwenye mita nne na themanini. Nguzo ingepungua sentimita kumi, nami nilipanga kuiunga na kuficha kwa rangi.

"Bomba linatosha," Flaviana akasema.

"Haya, pima wewe mwenye vitabu."

Akachora tao zima sakafuni kwa chaki. Nusu kipenyo, mita mbili na nusu. Pembe ya katikati, nyuzi mia na sita. Akazidisha hizo mbili, akapata mita mia mbili sitini na tano. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

"Hilo tao si litafika Chang'ombe?"

Hakununa. Alifuta kwa kiganja, akawaza kidogo. "Nimekosea. Nyuzi hazizidishwi hivi." Akakata kamba yenye urefu wa nusu kipenyo, akailaza juu ya mchoro. Iliingia mara moja nzima, mara ya pili ikazidi kidogo, naye akapima kilichozidi. "Tunahesabu nusu kipenyo inaingia mara ngapi kwenye tao. Hiyo ndiyo radiani. Hapa ni moja nukta themanini na tano na ushee." Akazidisha tena: mita nne na sentimita sitini na nne.

Nikainama juu ya mchoro. Miaka yote hiyo nakunja matao, sikujua kwamba duara linatembea na kipimo chake lenyewe. Sitaki kusema uongo, nilipendezwa mpaka hasira ikaniisha. Nikakata kwenye alama yake. Tulipolikunja na kulipandisha, ncha zote mbili zilikaa mahali pake, na nguzo ikatoka nzima.

Alasiri Hashimu alifika, akapitisha kiganja juu ya bomba kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Fundi Optatus, jicho lako bado kali."

Flaviana aliendelea kufagia, hakuinua uso. Ningeweza kuitikia tu, mambo yakaisha.

"Jicho langu lingekuwekea kiraka na kukipaka rangi," nikamwambia. "Aliyepima ni huyu binti."

Hashimu alimtazama Flaviana, kisha akanigeukia mimi.

"Basi na yale mawili apime yeye. Na wewe je?"

"Mimi nitakata pale atakapoweka alama."